Sawa haipo, sasa itakuja lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, mimi mkazi wa Makorora hapa Tanga. Mdogo wangu ana kifafa tangu yuko darasa la tatu, sasa hivi ana miaka 26, fundi cherehani pale Ngamiani, na ukimkuta kazini huwezi kujua kama anaumwa maana akimeza kabamazepini zake, vidonge vya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni mwaka unaweza kuisha hajaanguka hata mara moja. Majirani wengine walidhani alishapona zamani.

Sasa mwezi juzi tarehe yake ya kliniki imefika nikaenda kumchukulia dawa mimi, nimekaa foleni toka saa 1 asubuhi, saa 5 ndio nafika dirisha la dawa, yule dada hata uso hajainua, "haipo, kanunue nje." Nikamuuliza itakuja lini dada angu, akasema jaribu wiki ijayo. Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja katoka Pangani, na yeye akajibiwa hivyo hivyo, sijui nauli ya wiki ijayo aliipata wapi.

Basi nikaanza kuzunguka. Duka la dawa muhimu la mtaani kwetu wakasema hiyo hawaweki, nenda famasi kubwa. Famasi ya kwanza hamna, ya pili hamna, ya tatu wanazo ila za miligramu 400, zile za kuachia dawa taratibu, na dogo anatumia za 200 za kawaida. Kijana wa dukani ananiambia "zikate tu katikati bro, ni kitu kile kile." Nikaona hapana, hizi mwilini hazifanyi kazi sawa na zile za kawaida, huwezi kubadilisha kienyeji bila daktari. Hapo nilijiona mjanja sana, kumbe ujinga nimeuacha nyumbani.

Maana nyumbani vilibaki vidonge 11, tukakaa na mama tukaamua tubane, awe anameza kimoja kwa siku badala ya viwili, kama mtu anavyopunguza mchele mwisho wa mwezi. Siku ya tano akaangukia pasi ya mkaa kazini. Mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko, na mkono ndio kazi yenyewe. Kufika nakuta watu wamemzunguka, mmoja ana kijiko anataka kumtanua meno, mwingine anapiga kelele msimguse udenda unaambukiza. Jamani hauambukizi, na kijiko mtamvunja meno bure, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya hatari karibu yake na muangalie saa, akitikisika zaidi ya dakika 5 ni kumkimbiza hospitali.

Daktari aliyemuona baadaye alitugombeza, na haki yake. Alisema dawa ya kifafa ikipunguzwa ghafla kifafa kinarudi, tena kinaweza kuja mfululizo bila mtu kuzinduka, na kwamba siku ile ningerudi kwenye chumba cha daktari angeangalia dawa nyingine iliyopo, fenobabitoni au valproeti, na namna ya kumhamishia. Sawa, lakini mbona dirishani hakuna aliyeniambia rudi kwa daktari? Niliambiwa kanunue nje tu.

Za mwezi ule tulizipata kwa binamu yetu Dar, kazinunua Kariakoo akazipakia kwenye basi, nikakaa stendi ya Kange mpaka saa 2 usiku kama nasubiri mgeni.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kukaa stoo ya dawa ya zahanati, ananiambia kituo kinaagiza kutoka Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, kwa kuangalia matumizi yaliyoandikwa. Haya, mimi na yule mama wa Pangani tulioondoka mikono mitupu tumeandikwa wapi? Kama hatupo kwenye daftari basi hesabu inaonesha dawa inayotakiwa ni kidogo, na oda ijayo inakuja kidogo, mchezo unaendelea.

Mimi siombi makubwa, najua dawa nyingine zinachelewa huko huko zinakotoka na yule dada wa dirishani sio yeye anayezileta. Naomba daftari tu pale dirishani, aliyekosa aandikwe jina, dawa, vidonge vingapi na namba ya simu, na mzigo ukiwa haujafika tutumiwe meseji kabla ya tarehe, hata siku kumi kabla, mtu ajue anarudi kwa daktari au anapiga simu Dar.

Leo asubuhi nimehesabu, vimebaki 18. Tarehe ya kliniki ni siku ya tisa kuanzia leo, na namba yangu ya simu wanayo, imeandikwa juu ya kadi yake.

Kaka wa mgonjwa,
Makorora, Tanga