Watengeneza app, sevuni kazi ya mtu mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaotengeneza app za simu. Juzi nilikuwa najaza fomu ndefu kwenye app moja, nishafika ukurasa wa nne, simu ikaita, nikapokea, nikaongea kidogo tu, kurudi nakuta app inajiwasha upya na fomu iko tupu kabisa. Iliniuma sana maana najua kosa liko wapi, hata mimi nilishalifanya.

Iko hivi: app ikitoka mbele ya skrini simu inaipa taarifa, kwenye Android inaanza onPause halafu onStop (hizi ni sehemu za programu ambazo simu inaziita yenyewe kila hatua), na iPhone nayo inaiambia app kwamba sasa inaenda nyuma. Kuanzia hapo memori ikibana simu inaiua tu, bila kuaga. Sasa wengi kodi ya kusevu, yaani maandishi ya programu, wanaiweka kwenye onDestroy, ile ya skrini inapovunjwa, wakati hiyo haina uhakika wa kuitwa, na ile applicationWillTerminate ya iPhone, ya app inapotaka kufungwa, ni yale yale, app ikishalazwa huko nyuma inaondolewa bila kuambiwa chochote. Kwa hiyo kazi ya mtu inapotea.

Jamani, sevuni mapema, yaani mtu akiwa bado anaandika, na onStop iwe ya kumalizia tu. onPause usiibebeshe mzigo maana inapita haraka mno, na iPhone inakupa kama sekunde 5 hivi za kumaliza ukishaenda nyuma, ukitaka zaidi inabidi uombe.

Halafu kuna hili la kusikiliza matukio, yaani kodi kukaa ikisubiri kitu kitokee, kama mtu kubonyeza, ndipo ifanye kazi, nalo linanikera. Ukigeuza simu, Android kwa kawaida inaivunja ile skrini na kuijenga upya, sasa kama hukujitoa kwenye usikilizaji, ya zamani inabaki inasikiliza pamoja na mpya. Nimeshika app kwa mkono wangu, nikaigeuza mara tatu, nikabonyeza tuma mara moja, meseji zikaenda nne! Jiunge kwenye onStart, ile ya skrini inapoanza kuonekana, jitoe kwenye onStop, ni mistari miwili tu ya kodi.

Na kabla hujaitoa app kwa watu, ingia kwenye mipangilio ya madevelopa ya Android, kuna swichi ya kuvunja kila skrini mtu akiiacha, iwashe, jaza fomu yako nusu, toka, rudi, uone kama bado ipo.

Msomaji wako, mtengeneza app