Istanbul: Shiba kwanza, finjani baadaye

Malalamiko mengi tunayopokea kutoka kwa wageni tunaowatembeza Istanbul hayahusu hoteli wala ndege. Yanahusu chakula cha mchana. Mama mmoja alitujia jioni ya siku yake ya pili na risiti mkononi. Yeye na mabinti zake wawili walikuwa wametoka kwenye msikiti wa kale wa Ayasofya saa nane mchana, miguu inawauma, njaa imewabana. Kijana aliyesimama mlangoni mwa mgahawa akawakaribisha vizuri, wakaketi. Akaletewa samaki mzima kwenye sinia amwone, mama akaitikia kwa kichwa. Hakujua kwamba samaki yule anauzwa kwa uzito. Bili ilipokuja ilimeza fedha alizokuwa ametenga kwa chakula cha siku tatu. Tulimwonea uchungu sana, na tangu hapo tumebadilisha namna tunavyopanga matembezi.

Tatizo ni njaa kukukuta Sultanahmet, mtaa wa kale wa watalii. Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537, Msikiti wa Buluu na jumba la Topkapı vyote viko pale pale, na maelfu ya watu hutoka humo wakiwa wamechoka. Mgahawa unaoishi kwa wapita njia hauna haja ya kukuona tena kesho. Kwa hiyo sisi huamua mahali pa kula kabla hata ya kununua tiketi ya kwanza ya siku.

Unachokitafuta kinaitwa esnaf lokantası, mgahawa wa mafundi na wenye maduka. Vyakula vimepikwa asubuhi na vinakaa kwenye trei za moto nyuma ya kioo: supu ya adesi, biringanya zilizojazwa nyama ya kusaga, maharage, wali. Huhitaji Kituruki, unaonyesha kwa kidole. Ukitaka kuonja vitu viwili au vitatu, sema “yarım”, yaani nusu, utapakuliwa nusu sahani. Wateja ni walewale kila siku, na mpishi akiharibu leo, kesho watamwambia. Nenda saa sita au saa saba mchana. Ukichelewa hadi saa kumi utakuta trei zinaoshwa.

Mahali tunapopenda kuwapeleka wageni siku yao ya kwanza ni Süleymaniye, msikiti aliojenga Mimar Sinan, msanifu mkuu wa masultani, na kukamilika mwaka 1557. Ng'ambo ya barabara, kwenye majengo yaliyokuwa madrasa, kuna safu ya migahawa inayopika kuru fasulye: maharage meupe yaliyoiva hadi yanayeyuka kwenye mchuzi wa nyanya. Agiza na wali, achari, na glasi ya ayran, ambayo ni mtindi uliopigwa na maji na chumvi. Ni chakula cha kawaida kabisa, nacho ndicho wageni wetu wengi hukitaja wakisharudi nyumbani. Ijumaa mchana pale hufurika watu wa swala, basi siku hiyo nenda mapema au ubadilishe. Jumapili soko kuu la Kapalıçarşı hufungwa, na migahawa inayowalisha wafanyabiashara wake nayo huwa kimya. Siku hiyo tunapanda kivuko cha Eminönü kwenda Kadıköy, upande wa Asia.

Halafu kahawa. Waturuki huita kifungua kinywa kahvaltı, neno lililotokana na kahve na altı: kile unachotia tumboni kabla ya kahawa. Asubuhi utaletewa chai kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, na chai hiyo itakufuata mchana kutwa, hasa madukani, ikibebwa kwenye sinia la kuning'inia. Kahawa huja baada ya mlo, ukiwa umeshiba na huna haraka.

Kutoka Süleymaniye tunateremka kwa miguu hadi Tahtakale, katikati ya maduka ya vyombo na mikoba. Mwanahistoria Peçevi aliandika kwamba hapa ndipo watu wawili, mmoja wa Aleppo na mwingine wa Damasko, walipofungua mikahawa ya kwanza ya mji huu katikati ya karne ya 16. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku, lakini kahawa haikutoka mjini. Chini kidogo, ubavuni mwa Soko la Viungo, harufu ya buni zinazokaangwa hukufikia kabla hujaliona duka la Kurukahveci Mehmet Efendi, lililoanza mwaka 1871. Foleni yake ni ndefu ila huenda upesi. Pale unanunua kahawa ya unga ya kubeba nyumbani. Tumeona wageni wakipanga foleni wakidhani watapata kiti.

Ya kunywa, tafuta mkahawa mdogo vichochoroni. Kahawa, maji baridi na sukari hutiwa pamoja kwenye cezve, chombo kidogo chenye mpini mrefu, kabla ya kuwekwa motoni. Ndiyo maana unaulizwa sukari wakati wa kuagiza: sade ni chungu, orta ni ya wastani, şekerli ni tamu. Povu likipanda, humiminwa kwenye fincan, neno lilelile letu la finjani. Kunywa maji kwanza, usafishe kinywa. Usikoroge. Acha machicha yatulie chini, unywe taratibu, na ulimi ukigusa unga, hapo finjani imekwisha.

Kuhusu samaki: ukiwataka, uliza bei ya kilo na umwone akipimwa kabla hajaingia jikoni. Migahawa inatakiwa kuweka orodha ya bei mlangoni. Usipoiona, endelea na safari.

Matembezi yetu ya mlo na kahawa huanza saa tano asubuhi kituo cha tramu cha Beyazıt na kuishia Eminönü karibu saa tisa, watu wasiozidi sita. Tuandikie siku mbili kabla, ututajie vyakula usivyokula, na kama yupo mzee au mtu wa magoti mabovu tuambie mapema. Njia ile ina mteremko mkali wa mawe, na tunayo nyingine ya kupita na tramu.