Mkanda si mkaja

Juzi dada mmoja amekuja kunirudishia mkanda wa tumbo niliomshonea avae baada ya upasuaji, hapa Ngamiani, Tanga, akautupa juu ya meza ya cherehani. "Nimekulipa 70,000 na vifundo bado vipo!" Alikuwa na saratani, akaondolewa titi, kisha akajengewa jingine kwa nyama ya tumboni. Nilimkalisha, nikamwomba anioneshe. Kovu lake linaanzia nyonga hii hadi ile, chini ya kitovu, limetulia vizuri. Vifundo viko kwenye ncha zake mbili, pale ngozi ilipojikunja. Hata kitambaa ni hivyo: ukiunganisha pande mbili zisizolingana urefu, mwisho wa mshono unanyanyuka. Uvimbe ukiisha, vifundo vingine hupungua vyenyewe. Vinavyobaki ni kazi ya daktari wa upasuaji, si ya fundi wala ya lastiki.

Nilimwambia haya siku ya kwanza, lakini mgonjwa ana mengi kichwani, ndiyo maana leo nayaandika.

Mkanda wangu unashikilia tumbo ukikohoa au ukiinuka kitandani, na huenda ukasaidia uvimbe kupungua na maji yasijikusanye chini ya ngozi. Haufuti kovu. Kovu lenyewe huendelea kubadilika mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Na ukiona tumbo limetokeza upande mmoja ukisimama, usiniambie nikaze. Rudi kwa daktari akuangalie, huenda ni ngiri.

Sasa kinachoniuma zaidi: mkaja. Bibi zetu walitufunga baada ya kuzaa, wakatukanda na maji ya moto, na nawaheshimu kwa hilo. Ila tumbo hili si la uzazi. Ngozi chini ya kitovu mara nyingi imekufa ganzi, maji yatakuunguza na hutasikia. Mteja wangu wa Chumbageni alifungwa kanga mbili na shangazi yake, fundo likakaa juu ya kitovu, ambacho daktari alikuwa amekitobolea tundu jipya na kukishona upya. Alipokuja kwangu alama ya fundo ilikuwa bado imezama kwenye ngozi na ukingo wa kitovu umeachia. Alikimbia gharama ya mkanda, akalipa wiki za kusafishwa kidonda na nauli za kila siku.

Mwingine alinunua mkanda wa mtumba wa kupunguza kiuno. Ukingo wa juu ulijikunja ukamkaa chini ya titi kama kamba. Hilo ni baya sana, kwa sababu kuna upasuaji ambao nyama hupitishwa chini ya ngozi hadi kifuani ikiwa bado imeshikana na mishipa yake ya damu. Ukibana chini ya mbavu, unabana damu ya titi jipya. Ndiyo maana naanza kwa kuuliza: nyama ilihamishwaje, msuli ulichukuliwa au uliachwa? Bila karatasi ya daktari inayosema mkanda uvaliwe na kwa muda gani, sishiki mkasi.

Na hiyo 70,000 ni ya mikanda miwili, mmoja ukifuliwa mwingine uko mwilini. Ndani ni pamba, maana joto la Tanga mnalijua. Mishono yote naigeuzia nje isikwaruze kovu, na pembeni naacha nafasi ya mirija ya kutoa maji ya kidonda kama bado haijatolewa. Uvimbe ukishuka, unarudi kwangu, nakupima tena na kupunguza mkanda bure. Wa dukani nani atakupunguzia?

Yule dada nilimpima palepale. Mkanda ulikuwa umelegea vidole vitatu, naye hakuwahi kurudi kupunguziwa. Nikafumua, nikashona upya akiwa amekaa, nikamsihi aende kliniki aoneshe vile vifundo.

Ukija, vaa gauni la vifungo mbele. Mikono bado haijaweza kuinuka, na sitaki uhangaike kuvua.