Paa lichaguliwe kwa joto lake, si kwa sura tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu uchaguzi wa paa, kwa kuwa wajenzi wengi huuliza bei na rangi inayopendeza, lakini ni wachache wanaouliza litaingiza joto kiasi gani ndani ya nyumba. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali jeusi huunyonya karibu wote na kuugeuza kuwa joto linaloshuka vyumbani, ambalo mwenye nyumba hulilipia kwa umeme wa feni na viyoyozi. Bati tupu linalong'aa nalo hudanganya: huakisi jua vizuri, lakini joto lililokwisha kuingia hulitoa kwa shida, ndiyo maana likipakwa rangi nyeupe hupoa zaidi. Vigae vya udongo hudumu miongo mingi, ila uzito wake hudai kenchi imara. Kwa maoni yangu, fedha ikiwa haba, afadhali bati la rangi isiyokolea lenye dari, kizuizi cha joto na matundu ya hewa kuliko vigae vya fahari visivyo na chochote chini yake. (Penye baridi kali, kizuizi hicho huwa muhimu kuliko rangi.) Tena bati la chuma likichakaa huyeyushwa na kutumika upya.

Msomaji wako