Barua ya Wazi kwa Shangazi Aliyeniuliza kwa Nini Nimejichimbia Mlimani

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu swali uliloniuliza kwa simu siku ya Idi nimeulizwa na ndugu wengi, ingawa hakuna aliyeliuliza kwa ukavu kama wewe. Ulisema kwamba wenzangu wako Madrid na Barcelona, wanapikiana pilau, wanauguzana na kuzikana, ilhali mimi nimejichimbia katika mlima ambao hata wenyewe wameuhama. Nilicheka na kubadilisha mazungumzo, nawe ukanyamaza kwa namna ninayoijua tangu utoto wangu. Leo nataka kukujibu kwa utaratibu, maana uliyosema kuhusu wenyewe kuuhama mlima ni kweli tupu, na jibu langu linaanzia hapo hapo.

Mji wenyewe unaitwa Albarracín. Uko mkoani Teruel, katika jimbo la Aragón, upande wa mashariki wa Hispania lakini mbali na bahari, na wakazi wake ni kama 1,000 tu. Umejengwa juu ya mwamba ambao mto Guadalaviar unauzunguka karibu pande zote. Nyumba zake zimesiribwa kwa jasi yenye wekundu wa udongo wa hapa, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mapaa ya nyumba mbili zinazotazamana hukaribia kugusana. Nyuma yake ukuta wa ngome unapanda kilima hadi juu kabisa. Kutoka Teruel mjini ni mwendo usiofika kilomita 40, na barabara inajipinda kuufuata mto, hata siku ya kwanza nilijiona kama niliye kwenye kona za Mombo nikipanda kwenda Lushoto, ila tu basini tulikuwa abiria 4 na hapakuwa na mtu wa kutuuzia plamu dirishani.

Nilijidanganya kwamba mtoto wa Usambara haogopi baridi. Ukipima kwa mita, Lushoto iko juu kuliko hapa, lakini sisi tuko karibu na Ikweta, na ukungu wetu wa Julai dawa yake ni sweta na chai ya tangawizi. Hapa usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri na asubuhi mtu asilitaje jambo hilo dukani. Katika mji wa Calamocha, ulio kaskazini mwa mkoa huu, tarehe 17 Desemba 1963 vipimo vilisoma nyuzi 30 chini ya sifuri, na Januari 2021, baada ya dhoruba ya theluji iliyopewa jina la Filomena, sehemu kadhaa za mkoa zilivuka tena nyuzi 20 chini ya sifuri. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilianika khanga nje kwa mazoea; niliporudi kuianua ilikuwa imekakamaa kama mlango, na jirani akasimama kuitazama kwa heshima kabla hajaanza kucheka.

Sasa nikueleze kwa nini wenyewe waliuhama mlima. Bibi ninayemtunza ana miaka zaidi ya 90, na alizaliwa katika kijiji kilicho juu zaidi ya hapa, huko ambako hata mti wa matunda hukua kwa kusitasita. Mume wake, baba yake na babu yake wote walikuwa wachungaji wa kondoo. Kwa kuwa theluji hufunika malisho kwa miezi mingi, wanaume wa milima hii waliondoka kila mwaka mwezi wa Novemba wakaswaga kondoo kwa miguu kuelekea kusini, hadi Jaén na Sierra Morena, safari iliyochukua karibu mwezi mzima, na hawakurudi mpaka nyasi za nyumbani zilipochipua tena mwishoni mwa Mei au Juni. Kijiji kilibaki na wanawake, watoto, wazee na padri. Bibi ananiambia kwamba alijifungua watoto wawili mume wake akiwa kusini, na habari zilimfikia kwa barua aliyosomewa na mtu mwingine. Nikamwambia kwamba mama yake Mariamu kule kwetu naye alijifungua hivyo hivyo, mume akiwa katika mashamba ya mkonge, akaniangalia kana kwamba nimemtajia ndugu yake aliyepotea.

Njia walizopita wachungaji hao bado zipo, nazo zinalindwa na sheria ya mwaka 1995. Zile kubwa, ziitwazo cañada, upana wake wa kisheria ni mita 75 hivi, pana kuliko barabara yoyote kuu niliyopata kuivuka kwetu, na zote ni nyasi. Wafugaji wachache bado wanahamisha mifugo yao, wengi kwa malori na wachache mno kwa miguu, na mwaka 2023 UNESCO iliiongeza Hispania katika orodha ya nchi ambazo mila hii ya kuhama na mifugo inatambuliwa kuwa urithi wa binadamu. Bibi alipoisikia habari hiyo kwenye televisheni aliuliza kama urithi huo unalipa kuni.

Kilichowaondoa watu moja kwa moja hakikuwa baridi, maana baridi walikuwa wameizoea kwa karne nyingi. Ilikuwa mishahara. Kuanzia miaka ya 1950, viwanda vya Barcelona, Valencia na Zaragoza vilihitaji mikono, na mtu aliyekuwa amezoea kuondoka Novemba na kurudi Juni aliona si jambo kubwa kuondoka na asirudi. Safari hii waliondoka na wake zao na watoto. Walifunga mlango, wakaweka ufunguo mfukoni, na mpaka leo funguo nyingi bado ziko huko mjini, katika droo za wajukuu.

Hapa ndipo namwomba binamu yangu, yule aliyenitumia ule ujumbe wa WhatsApp unaosema kwamba Hispania inagawa nyumba na fedha kwa yeyote anayekubali kuishi kijijini, asome kwa makini. Ni kweli kwamba vipo vijiji vinavyotafuta familia zenye watoto ili shule isifungwe, na kwamba Aguaviva, kijiji cha mkoa huu huu, kilileta familia kutoka Argentina na Romania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini hakuna anayesubiri mtu uwanja wa ndege akiwa na ufunguo mkononi. Nyumba tupu ni nyingi, na nyumba ya kupanga ni adimu, kwa sababu ile tupu ni ya warithi 7 wasioelewana, na ile iliyokarabatiwa hupangishwa watalii wa mwishoni mwa wiki. Mimi nimepata chumba kwa sababu kazi yangu na makazi yangu viko chini ya paa moja. Na bila kibali cha kazi, mlima huu si mwepesi kuliko Madrid.

Mkoa wa Teruel una ukubwa wa kilomita za mraba 14,800 hivi na watu wapatao 135,000, yaani watu 9 kwa kila kilomita ya mraba. Tanga yetu, ambayo haijafika hata mara mbili ya ukubwa huo, ina watu zaidi ya milioni 2.5. Kwa hiyo mwaka 1999 watu wa hapa walianzisha vuguvugu wakaliita Teruel Existe, maana yake Teruel Ipo, jina ambalo kila nikilisikia naona uchungu na kiburi vimekaa kwenye kigoda kimoja. Walidai reli, hospitali, barabara. Machi 2019 waliandamana Madrid pamoja na mikoa mingine iliyohamwa, Novemba mwaka huo wakapeleka mbunge mmoja, na Januari 2020 bunge lilipomchagua waziri mkuu, mbunge huyo alimpigia kura, naye akashinda kwa kura 167 dhidi ya 165. Bibi hakuwapigia kura, lakini hesabu hiyo anaijua kwa kichwa.

Nikiwa Madrid kwa miaka 3 nilikaa katika jengo la ghorofa 8 na sikumjua hata mtu mmoja wa ghorofa yangu. Nilipokuja hapa nilikwenda kujiandikisha katika padrón, daftari la wakazi ambalo kila anayeishi mahali lazima awemo, na ambalo bila hilo hupati kadi ya matibabu wala ushahidi wa miaka uliyokaa nchini. Madrid nilipanga miadi, nikachukua namba, nikapigiwa muhuri. Hapa mfanyakazi wa halmashauri aliniuliza kama nina watoto, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, kisha akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili aje kunisalimu. Baadaye nilielewa kwamba fedha nyingi zinazotoka serikali kuu huletwa kwa kufuata idadi ya watu, kwa hiyo jina langu, ambalo mpaka leo wanalikosea herufi moja, lina uzito wake hata kwa taa za barabarani.

Halafu kuna salamu. Huwezi kupishana na mtu kichochoroni bila kumsalimu, na wazee huitwa tío na tía, yaani mjomba na shangazi, hata na wasio wa damu yao. Mimi nilikuwa tayari nimeyafundishwa hayo na wewe. Lugha nayo ilinifungulia mlango nisioutarajia: jina la mji linatokana na Banu Razin, ukoo wa Waberberi Waislamu uliotawala hapa katika karne ya 11, na Kiarabu kilichowaachia Wahispania maneno ndicho kilichotuachia sisi. Zeituni ni aceituna, zafarani ni azafrán, na meya wao, alcalde, ametokana na kadhi. Mtu asiyetajwa jina ni fulano, ambaye ni fulani wetu kabisa, na nadhani amesengenywa pande zote mbili za Sahara bila kupumzika.

Sitakuficha gharama zake. Mjini humu hakuna msikiti, na tarawehe nimesali peke yangu misimu 4. Bibi akihitaji daktari bingwa tunashuka Teruel, na pengine tunapelekwa Zaragoza, na siku ya theluji safari hiyo ni ya kumwomba Mungu. Siri hakuna, mwaka jana nilipopata homa, muuza mkate alijua kabla ya daktari. Mzee mmoja aliniuliza mbele za watu kama nilikuja kwa boti, nikamjibu kwamba nilikuja kwa ndege nikapewa na kuku wa kuoka njiani, akaona haya, akanilipia kahawa, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniletea habari za kondoo wanaouzwa. Najua pia utauliza kuhusu nguruwe. Paja la nguruwe lililokaushwa ndiyo fahari ya Teruel, lilipata jina lake lililolindwa kisheria mwaka 1984 kabla ya lingine lolote Hispania, nalo linaning'inia jikoni mwetu kama saa ya ukutani. Bibi alinitengea kisu, sufuria na kikaango vyangu wiki ya kwanza, akawafokea wanawe waliovigusa. Nyama ya mwanakondoo inatutosha sote wawili.

Mwezi wa Agosti ungeupenda. Watoto na wajukuu wa waliohama wanarudi kama Wachaga wanavyorudi Kilimanjaro wakati wa Krismasi: magari yanajaa hadi mtoni, madirisha yaliyofungwa miezi 11 yanafunguliwa, wanawake wanaketi nje usiku kupunga upepo, na kila mtu anasema mwaka ujao atahamia kabisa. Kufika wiki ya pili ya Septemba nasikia tena mto kutoka kitandani kwangu. Bibi huwa hasemi kitu kwa siku kama mbili, nami nimejifunza kutomsemesha, kwa sababu nilikuona wewe ukifanya vivyo hivyo kila baada ya basi la Dar es Salaam kuondoka na mmoja wetu.

Nimemweleza habari zako nyingi, naye anakusalimu. Juzi, baada ya kusikia kwamba shule ya kijiji alikozaliwa haina tena watoto, aliniuliza kama kule kwetu mlimani watoto bado wapo. Nikamwambia kwamba katika darasa langu la nne tulikuwa 80. Akanitaka nirudie, akidhani nimekosea Kihispania. Nikarudia polepole, ochenta, nikamwandikia na tarakimu kwenye gazeti. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wote walikuwa na madawati.