Mhariri, boksi la kondomu lisikae mapokezi

Mhariri habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa gesti hapa Makambako, mwaka wa tisa huu natandika vitanda, na kuna mtu kaandika kwenye gazeti lenu kwamba vijana hawaogopi tena ukimwi eti elimu haijawafikia. Elimu gani tena jamani? Kagera umegundulika 1983, wazee wa kule wakauita Juliana, tukaja kuambiwa tuwakwepe mafataki, yaani watu wazima wanaorubuni mabinti, tukaambiwa michepuko sio dili baki njia kuu, na watu wakajibu kwa kuigeuza AIDS kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Kujua wanajua. Mimi naona kitu kingine.

Boksi letu la kondomu za bure lilikuwa linakaa mapokezi, pembeni ya daftari la wageni. Sasa fikiria mtu kaingia usiku, anaandika jina, kabila, atokako, aendako, bosi kakaa pale anaangalia taarifa ya habari, halafu ndo anyooshe mkono achukue! Mwanaume labda, akiwa amechangamka kidogo, ila mwanamke hata siku moja, maana akichukua yeye anaonekana kaja kufanya biashara. Boksi likaota vumbi. Nikamwambia bosi tulihamishe akasema namgeuzia gesti kuwa danguro. Alivyosafiri kwenda msibani Songea nikalipeleka korido ya chooni pale taa ilipoungua, siku ya tatu likaisha lote, na najua zimetumika kwa sababu anayefagia ni mimi. Bosi aliporudi hakugomba, alisema tu nisipigilie misumari kwenye rangi mpya.

Lakini hapo nusu tu ya kazi. Kuna dereva wa lori anashukia kwetu kila akitoka Tunduma, ana dada mmoja wa hapa hapa. Mara ya kwanza nakuta pakti kwenye ndoo ya taka, ya pili nakuta, ya tatu nakuta, mwezi wa pili hakuna kitu, wameshazoeana. Kupima hawajapima, wamezoeana tu. Yule dada nilimuuliza siku moja anafua, akacheka, "dada, mtu ananinunulia mpaka gesi ya kupikia, nitamwambiaje avae?" Sikuwa na jibu, na hizo semina zenu pia sijawahi kusikia zikimjibu huyo. Zinaongelea malaya na mteja wake, wakati watu wanaacha kinga wakishaanza kuitana mume na mke, hapo ukiitaja kondomu ni kama umemwita mwenzio mhuni au umejitaja wewe. Kwa hiyo siku ya kuacha kinga ndo iwe siku ya kwenda kupima wote wawili, na mrudie tena baada ya miezi mitatu, sio siku ya kununuliwa gesi.

Na msidhani natisha watu bure, utafiti wa 2022/2023 ulikuta watu wazima wenye virusi kitaifa ni asilimia 4.4, kwetu Njombe 12.7. Wanaume wengi huku wametahiriwa kwa kampeni, wakaambiwa inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kama asilimia 60, ila wengine naona wamesikia 100. Wengine wanapima kwa macho, wanamkimbia mama anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi havisomeki kwenye kipimo, ambaye kwa ngono hakuambukizi, wanalala na mnene mwenye mashavu ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha afya. Halafu kuna binti alipasukiwa kondomu, akanijia siku ya tano, na zile dawa za dharura za kuzuia virusi visishike zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Alikuwa hajui. Hiyo elimu ndo haijafika, hiyo iandikeni kwa wino mkubwa.

Ombi langu ni dogo. Kila gesti boksi likae gizani karibu na choo, na vile vipimo vya kujipima ukimwi mwenyewe ambavyo sheria iliruhusu tangu 2019 viwekwe hapo hapo na namba ya simu ya nesi, sio kwenye kabati la mganga mkuu. Letu saa hizi ni tupu, juzi nimeenda zahanati nimeambiwa nirudi Jumatatu, na malori ya wikiendi ndo hayo yanaingia.

Mhudumu wa gesti, Makambako. Jina msiweke, bosi anasoma gazeti.