Damu baada ya kukoma hedhi isitibiwe kwa kukisia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tatizo ambalo wanawake wengi wa rika la mama yangu hulificha hadi liwaangushe kitandani, nalo ni kutokwa damu baada ya hedhi kukoma.

Mama ana miaka 61, na hedhi yake ilikoma miaka tisa iliyopita. Mwaka jana, nikimfulia nguo kwetu Mbagala, niliona doa la damu kwenye khanga yake, na nilipomuuliza akaniambia kuwa damu ina miezi mitano ikimtoka na kwamba jirani alimtuliza kuwa ni ujana unarudi. Katika zahanati tuliyoanzia alipewa dawa za UTI, baadaye za fangasi, kisha za UTI tena. Nilipohoji, nilijibiwa kwamba hana shida, kwa kuwa alikwisha kupimwa saratani ya mlango wa kizazi akaonekana salama.

Hapo ndipo ninapoomba tuelewane. Kipimo kile cha kupaka siki huangalia mlango wa kizazi tu. Hakiuoni utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, ule unaojengeka na kubomoka kila mwezi kwa mwanamke anayepata siku zake. Mwanamke aliyekaa miezi 12 bila hedhi akiona damu, hata tone, utando huo ndio wa kuchunguzwa. Mara nyingi chanzo huwa chepesi, kama utando kusinyaa au kinyama kilichoota, lakini takriban mmoja kati ya wanawake 10 wenye dalili hiyo hukutwa na saratani, na hakuna awezaye kumtambua kwa kumtazama.

Hospitali tuliyopewa rufaa walimpiga picha ya utrasaundi kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, wakakuta utando una unene wa milimita 11, ilhali kwa mwanamke wa hali yake ukizidi milimita 4 huchukuliwa kipande chake kikapimwe. Daktari alipitisha mrija, mwembamba kuliko wa kunywea soda, akavuta vipande vidogo na kuviweka kwenye kichupa chenye dawa. Zilikuwa dakika chache, na mama alisema maumivu yalikuwa kama yale ya siku zake za usichana. Majibu yalionesha utando umenenepa kupita kiasi, ila seli zake hazijabadilika. Tulielezwa kuwa mafuta ya mwili huendelea kutengeneza homoni ya estrojeni hata baada ya hedhi kukoma, nayo ilikuwa ikiukuza utando bila homoni nyingine, projesteroni, ya kuuzuia. Aliwekewa kitanzi chenye homoni ya kuuzuia, na kipande kingine kilipopimwa baada ya miezi sita, utando ulikuwa umerudi katika hali yake. Kama seli zingekutwa zimebadilika, tungeshauriwa mfuko wa uzazi uondolewe, maana unene wa aina hiyo ndio hugeuka saratani kwa wepesi.

Ninawaomba waganga wakuu wa manispaa zetu wahakikishe kuwa kila zahanati inamwandikia rufaa mwanamke wa namna hii siku ileile anapofika, badala ya kumrudisha nyumbani na antibayotiki. Na huko anakopelekwa aambiwe majibu yatatoka lini, kwani sisi tulipanda daladala mara tatu kuulizia karatasi ambayo, kwa tarehe iliyogongwa juu yake, ilikuwa tayari tangu safari ya kwanza.

Binti wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam